Mbunge Aliyenyamaza Mwaka Mzima

MFUATILIAJI WA HANSADI: Naanza na swali jepesi. Mtu amepewa kazi ya kusema kwa niaba ya maelfu ya watu. Mwaka umeisha, na kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge la Taifa la Kenya, jina lake halimo hata mara moja. Hakuuliza swali, hakuchangia mswada, hata hoja ya mwenzake hakusimama kuiunga mkono. Mshahara nao umeingia kila mwezi. Mtu huyo tumwite nani? Shirika la Mzalendo hutoa ripoti yake ya kila mwaka ya waliozungumza zaidi na ambao hawakuzungumza kabisa, na wa mkiani hulalamika kwamba wameonewa. Mimi naona wamestahili. Kifungu cha 95 cha Katiba kinasema Bunge huwakilisha wananchi, hujadili na kutatua mambo yanayowahusu. Aliyenyamaza mwaka mzima amejadili nini?

MBUNGE WA ZAMANI: Umetoa hukumu ukaiita swali, kijana. Haya, tupige hesabu, maana ninyi mnapenda hesabu. Bunge la Taifa lina wabunge 349, bila kumtia Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na 12 walioteuliwa na vyama. Vikao ni Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, kisha Alhamisi alasiri. Alasiri huanza saa nane na nusu hadi jioni. Asubuhi ya Jumatano ni saa tatu na nusu hadi saa saba. Jumla haizidi kama saa 17 kwa wiki. Zigawe kwa watu 349, hakuna anayepata hata dakika tatu. Na hapo hujaondoa sala, hati zinazowekwa mezani, hoja za nidhamu, na muda wa viongozi wa pande mbili ambao ndio wa kwanza kupewa nafasi. Sisi wa viti vya nyuma hubonyeza kitufe cha kuomba kusema, tukangoja, na jua likatua majina yetu hayajatajwa. Hansadi hainakili kungoja.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Dakika hizo nazikubali, Mheshimiwa. Basi chukua wiki 26 tu za vikao: fungu la kila mmoja linapita saa nzima kwa mwaka. Simdai mbunge saa nzima, namdai sentensi moja. Tena ukumbini si pahali pa kupigania kipaza sauti tu. Swali huandikwa likawasilishwa. Ombi la wananchi huwasilishwa. Asubuhi ya Jumatano imetengewa shughuli za mbunge mmoja mmoja, si za uongozi wa vyama. Na tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakifika ukumbini wenyewe kujibu maswali. Aliyekosa nafasi Jumanne ana Jumatano. Aliyeikosa mwaka mzima hakuitafuta.

MPIGA KURA: Ngojeni kidogo. Mnavyoongea ni kana kwamba shida yetu ni wabunge wasiosema. Wetu anasema! Nimemsikia redioni mara nyingi. Amewakaribisha wanafunzi waliokaa roshani ya wageni, akawasihi wasome kwa bidii. Ametoa rambirambi kwa kila aliyefariki. Amempongeza kila aliyeshinda chochote. Halafu anaunga mkono hoja aliyoiunga mkono mwenzake aliyetangulia, kwa maneno yale yale. Kijana, hizo nazo unazihesabu?

MFUATILIAJI WA HANSADI: Zinahesabiwa, mama. Kila aliposimama akanakiliwa ni mchango.

MPIGA KURA: Basi huyo wenu aliyesimama mara nyingi na huyo asiyesimama kabisa, kwangu mimi ni sawa. Mvua ikinyesha, soko letu linageuka bwawa. Nimelala nikaamka hivyo miaka na miaka.

MBUNGE WA ZAMANI: Samahani, mama yangu, lakini mifereji ya soko si kazi ya mbunge. Masoko na maji ya mvua mjini ni kazi ya serikali ya kaunti, tangu ugatuzi uanze 2013. Mbunge akisimama Nairobi akalalamikia mfereji wako, Hansadi itamwandikia alama, na mfereji utabaki ulivyo. Huo ndio ubaya wa kuhesabu. Unawafundisha wabunge kusema yale yasiyo na nguvu ya kutenda lolote, mradi jina litokee.

MPIGA KURA: Kampeni zilipokuwa zikiendelea hamkuniambia ni kazi ya kaunti. Mlisema "nitashughulikia".

MBUNGE WA ZAMANI: Tulisema. Tusiposema hivyo, mnamchagua atakayesema.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Hapo ndipo Hansadi inapofaa. Ahadi ya jukwaani haina ushahidi. Kila mtu huikumbuka kwa namna yake. Neno la bungeni lina tarehe. Hebu nikumbushe mambo mawili. Mwaka 2004 Maoka Maore, mbunge wa Ntonyiri kutoka upande wa upinzani, alileta bungeni karatasi za zabuni ya kutengeneza pasipoti. Kutoka hapo tukaijua kashfa ya Anglo Leasing. Hakuwa waziri, wala hakuwa na polisi wa kutuma. Alikuwa na karatasi, na haki ya kusimama. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Martin Shikuku alisema bungeni kwamba wapo waliotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU, chama tawala. Alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika Jean-Marie Seroney akaamua kwamba lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Oktoba 15 wote wawili walikamatwa bungeni penyewe, wakawekwa kizuizini hadi 1978. Watu walilipa miaka mitatu ya maisha yao kwa sababu ya sentensi chache. Leo hakuna anayewekwa kizuizini kwa kuchangia hoja. Kimya cha leo kina udhuru gani?

MBUNGE WA ZAMANI: Umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Sentensi chache, umesema. Sasa chukua ripoti ya michango ya mwaka ule wa 1975, kama ingekuwapo. Tamko la Seroney lingekuwa mchango mmoja. Moja! Sawasawa na wa yule aliyesimama siku hiyo kuuliza barabara ya kwao itatiwa lami lini. Karatasi za Maore nazo, mchango mmoja. Hesabu yako haijui kupima uzito, kijana. Inamweka Shikuku na mpiga domo kwenye mstari mmoja, kisha mpiga domo anamshinda kwa wingi.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Inampitisha mpiga domo, ndiyo. Lakini kuna mmoja isiyomwonea hata kidogo: aliye na sufuri. Sufuri haina uzito wa kupimwa. Huwezi kuniambia sufuri ya fulani ilikuwa na hekima.

MBUNGE WA ZAMANI: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Mshindo wenyewe uko wapi? Nionyeshe, nami nitaunakili.

MBUNGE WA ZAMANI: Uko kwenye kamati. Asubuhi, ukumbi mkubwa ukiwa umefungwa, sisi tuko vyumbani na vitabu vya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Hapo ndipo katibu wa wizara hutakiwa kueleza pesa zilikokwenda, bila kamera nyingi na bila kupigiwa meza makofi. Mswada ukitoka huko umebadilishwa vifungu kumi, ukumbini utaona mwenyekiti tu akisoma ripoti. Mwanachama aliyekesha akilinganisha stakabadhi hatajwi. Na kuna kazi isiyofanyika hata kwenye kamati. Mwaka 2006 Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono. Unadhani aliipitisha kwa hotuba? Bunge lilikuwa karibu lote la wanaume. Ilibidi azungumze nao mmoja mmoja, vifungu vingine akubali vipunguzwe ili vingine vipone. Hotuba ilikuja mwisho.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Lakini ilikuja! Angenyamaza, mswada usingekuwa na mama. Na nikuambie faida nyingine: Hansadi ya mwaka ule imewahifadhi pia waliosimama kuupinga, na walichosema juu ya wanawake. Hakuna mjumbe wa kamati anayeweza kufuta hilo leo. Kuhusu kamati nakubaliana nawe nusu. Kazi ipo. Lakini mtu akikwambia "nilifanya kazi ambayo hakuna aliyeiona", nawe umekaa mbali kilomita mia tatu, utamjibu nini? Mvivu na mchapakazi wote watasema hivyo hivyo.

MPIGA KURA: Kweli kabisa. Mimi hiyo kamati nitaionea wapi? Asubuhi hiyo mimi niko sokoni napanga nyanya. Mheshimiwa, ukiniomba nikuamini tu, mimi na wewe hatujafika huko.

MBUNGE WA ZAMANI: Basi tumia kipimo cha matokeo. Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou, ndiye aliyeasisi sheria ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, mwaka 2003. Jude Njomo wa Kiambu Mjini alileta mswada wake binafsi wa kudhibiti riba, Rais Uhuru Kenyatta akautia saini Agosti 2016. Benki zikazuiwa kutoza zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Hao ni watu wa viti vya nyuma, si mawaziri. Uliza kila mbunge ameacha nini, si amesema mara ngapi.

MPIGA KURA: Hiyo ya riba mimi naijua kuliko ninyi nyote wawili. Tulishangilia. Halafu nikaenda benki, nikaambiwa mkopo wangu mdogo una hatari nyingi, na kwa riba hiyo hawawezi. Walionufaika ni wenye hati za mashamba na mishahara. Mimi nikaishia kukopa kwenye simu, kwa riba ambayo hata kuitamka ni uchungu. Kisha 2019 sheria yenyewe ikaondolewa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, "ameacha nini" nayo haitoshi. Ningependa kujua nani alisimama 2016 akasema: je, mama wa sokoni atapata mkopo?

MFUATILIAJI WA HANSADI: Umesikia, Mheshimiwa? Anataka maneno. Swali moja lililoulizwa mapema.

MBUNGE WA ZAMANI: Anataka swali lenye maana, si wingi wa maswali. Hapo hatujatofautiana.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Tumetofautiana. Wewe unautaka ubora ili ukwepe idadi. Mimi nasema ubora hauanzi mpaka mtu afungue mdomo.

MBUNGE WA ZAMANI: Na kuna wasioufungua kwa sababu usiyoipenda kuitaja: lugha. Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike bungeni, na wengi waliokuwa hawasikiki wakasikika. Mwaka 1979 Kiingereza kikarudi. Leo Katiba, kifungu cha 120, imeziweka Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Lakini mswada unachapishwa kwa Kiingereza, ripoti ya kamati ni Kiingereza, na Kanuni za Kudumu zinasema uliyeanza kwa lugha moja umalize kwa hiyo hiyo. Mbunge aliyezoea baraza la kijijini, ambako akisema watu wananyamaza kumsikiliza, anafika pale anakabidhiwa kurasa mia za sheria ya fedha. Akisimama akakosea, kesho ni kichekesho cha mitandao. Akinyamaza, ni bubu kwenye ripoti yako. Ungechagua lipi?

MPIGA KURA: Angechagua Kiswahili, nasi tungemwelewa! Sisi hatukumtuma akawafurahishe wasomi. Maneno ya kamusi ya sheria tutamsamehe. Kutuogopesha na Kiingereza chenu ndio ujanja wenu wa siku zote.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Nami naongeza: mbunge hulipiwa wasaidizi. Kurasa mia asizozielewa si sababu ya kunyamaza, ni sababu ya kuuliza. "Mheshimiwa Spika, kifungu hiki maana yake nini kwa mkulima?" Swali kama hilo lingewafaa hata wale waliojidai wameelewa.

MBUNGE WA ZAMANI: Basi niseme lile kubwa, maana naona mnanizunguka. Mbunge haogopi Kiingereza kama anavyoogopa chama. Juni 2020 Aden Duale aling'olewa kwenye uongozi wa chama cha wengi bungeni, mtu aliyekuwa akisema kuliko karibu wote ukumbini. Mwezi mmoja nyuma, Kithure Kindiki alikuwa ameng'olewa unaibu spika wa Seneti. Wengine wengi wakaondolewa kwenye kamati. Kamati ndiyo kazi ya mbunge, na chama ndicho kinachokuweka na kukutoa. Ukisema kinyume, huwekwi kizuizini kama Seroney. Unaamka tu unakuta jina lako halipo kwenye kamati, simu zako wizarani hazipokewi, na mwaka wa uchaguzi mchujo unafanywa usiku. Kwa hiyo wengi hujifunza jambo: maneno hayana faida, hasara yanayo.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Ahsante kwa ukweli. Sasa sema na upande wa pili: faida iko wapi? Mbunge akinyamaza, nini humrudisha bungeni?

MBUNGE WA ZAMANI: Muulize mama.

MPIGA KURA: Mniulize mimi kwa nini?

MBUNGE WA ZAMANI: Kwa sababu unajua. Mfuko wa NG-CDF, asilimia 2.5 na zaidi ya fungu la serikali kuu, umegawiwa maeneobunge yote 290. Madarasa, vituo vya polisi, basari. Aliyesema sana bungeni na hakuleta basari, mlimpigia kura?

MPIGA KURA: Hatukumpigia. Na sioni haya. Mtoto wangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, basari ikamrudisha shuleni. Hansadi haikumrudisha.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Mama, kwa heshima, hapo ndipo mlipouzwa. Pesa hizo ni kodi yako. Anayekupa si mfadhili. Na anayezigawa ndiye aliyetakiwa kukaa ng'ambo ya meza akimuuliza mgawaji amezitumiaje. Ndiyo maana Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba, na ikaupa mfuko hadi Juni 30, 2026. Bunge lenyewe ndilo lililotunga sheria inayowageuza wabunge kuwa wasambazaji. Ukimpima kwa basari, unamlipa kwa kunyamaza.

MPIGA KURA: Usinifundishe kuuzwa, kijana. Aliyeuzwa ni mwenye kitu cha kuchagua. Wewe niletee serikali itakayolipa karo bila kupitia mkononi mwa mbunge, uone kama nitamwomba tena. Siku hiyo nitakuwa na nafasi ya kusoma Hansadi yako yote.

MBUNGE WA ZAMANI: Na mimi nawaambia: nilipokuwa bungeni, watu waliokuja nyumbani kwangu Jumamosi alfajiri hawakuniuliza juu ya mswada. Ni mchango wa mazishi, karo, kazi ya mtoto, harambee ya kanisa. Ukitoka hapo umechoka na mfuko mtupu, kijana mmoja Nairobi anakwambia hukusimama ukumbini.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Tuje Juni 25, 2024. Hiyo hutaweza kuikwepa kwa mazishi. Mswada wa Fedha ulipigiwa kura: 195 waliuunga mkono, 106 wakaupinga. Nchi nzima ilikuwa na majina. Siku hiyo hakuna aliyeuliza nani amesema mara ngapi.

MBUNGE WA ZAMANI: Nami hapo ndipo nilipokuwa nakungoja. Tuseme kuna mmoja aliyekaa kimya mwaka mzima, na siku hiyo akapiga La. Na kuna bingwa wako wa Hansadi, hotuba mia, akapiga Ndiyo kwa sababu kiranja wa chama alimwangalia. Nani aliyewakilisha? Kura moja ya bubu ilizidi hotuba mia za msemaji. Umekwisha kuuvunja mzani wako mwenyewe.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Sijauvunja. Naona sasa kwa nini tumebaki kuhesabu maneno: ni kwa sababu kura hatuzioni. Mara nyingi Spika anauliza wanaokubali waseme Ndiyo, wanaokataa waseme La, anasikiliza kelele, anatoa uamuzi. Hakuna jina linaloandikwa mpaka wabunge wasimame kudai kura ya majina. Sauti mia tatu na zaidi zikivuma pamoja, hakuna aliyewajibika. Mngetupa kura za majina kila mara, ripoti ya maneno ingekuwa jambo dogo.

MBUNGE WA ZAMANI: Kura ya sauti ni kinga.

MPIGA KURA: Kinga dhidi ya nani?

MBUNGE WA ZAMANI: Dhidi ya chama, mama. Katika kelele, mtu anaweza kusema La na asijulikane.

MPIGA KURA: Na anaweza kusema Ndiyo na nisimjue mimi. Chama kina njia zake za kujua. Asiyejua ni mimi peke yangu.

MBUNGE WA ZAMANI: Na siku mlipojua, mlifanya nini? Bunge liliingiliwa, sehemu yake ikachomwa. Nyumba na biashara za wabunge zilivamiwa. Nambari zao za simu zilisambazwa wakatukanwa usiku na mchana. Mnataka kila kura iwe ya majina, kisha mnamngoja mtu mlangoni kwake?

MPIGA KURA: Mheshimiwa, na waliopigwa risasi nje ya Bunge siku hiyo walikuwa watoto wa nani? Usiniwekee duka lililovunjwa mbele ya maiti. Kuvamia nyumba ya mtu sikuungi mkono, na mtoto wangu sikumruhusu. Lakini jiulize kwa nini vijana walifika pale. Kesho yake, tarehe 26, Rais alikataa kuutia saini mswada ule. Sasa niambieni ninyi wawili, mnaojua hotuba na kura: ni hotuba gani iliyouzuia? Ni kura gani?

MFUATILIAJI WA HANSADI: Hakuna. Na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko sufuri zote. Mjadala usiposikika ndani, unahamia barabarani, na huko hauna Spika.

MBUNGE WA ZAMANI: Ulisikika ndani! Wapo waliosimama wakaupinga mswada ule kwa hoja nzuri, kifungu kwa kifungu. Hansadi unayo. Iliwazuia wale 195? Ndiyo nasema, mnayatwika maneno mzigo yasiouweza.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Hayakuzuia kura. Lakini vijana walizijua hoja kutoka wapi? Ushuru wa mkate, ushuru wa magari, waliutaja kwa jina. Mtu aliusoma, mtu akausema, mwingine akautafsiri. Neno la bungeni halihitaji kuwashinda 195 pale pale. Linahitaji kutoka nje likiwa zima.

MPIGA KURA: Aliyetutafsiria sisi hakuwa mbunge wetu. Ni watoto, kwenye simu zao, bila mshahara.

MFUATILIAJI WA HANSADI: Basi dai langu ni hili, nami nalipunguza: kila mwisho wa mwaka, kila mbunge aandikiwe mambo matatu pamoja. Alichosema, si mara ngapi tu. Alivyopiga kura, kwa jina. Na vikao vya kamati alivyohudhuria na alichouliza humo. Asiyesema lakini alifanya kazi ya kamati ataonekana. Asiyefanya chochote naye ataonekana.

MBUNGE WA ZAMANI: Nikubali? Nakubali, kwa sharti la safu ya nne: aliyoulizwa na wapiga kura wake. Mama, nijibu kwa haki. Katika miaka yako yote ya kupiga kura, umewahi kumuuliza mbunge wako swali hata moja juu ya mswada?

MPIGA KURA: Sijawahi.

MBUNGE WA ZAMANI: Umemuuliza nini?

MPIGA KURA: Karo. Kwa sababu karo ndilo swali pekee mlilokuwa mkilijibu.

MBUNGE WA ZAMANI: Basi tuseme mwingine anakuja kesho. Hana ahadi ya basari, hana cha harambee. Anakwambia: nitasimama, nitapiga kura kwa jina, nitakusomea kila mwisho wa mwaka. Utampa kura?

MPIGA KURA: Aje sokoni na orodha ya kura zake, aisome kwa Kiswahili, aseme ya kwanza hadi ya mwisho, na zile alizokosea nimsikie akizieleza. Nikimkataa baada ya hapo, lawama iwe yangu. Mpaka leo hajaja hata mmoja, Mheshimiwa, na wewe ulikuwa huko.